Samaki wa Zamu ya Bibi

Wenzangu mliokulia milima ya Upare enzi zile za kwenda shule na kuni kichwani, hebu sogeeni hapa tucheke kidogo. Juzi mtoto wa mdogo wangu, hapa kwangu Same mjini, kanionyesha video kwenye simu yake. Wazungu wamesimama ndani ya mto huko kaskazini kwenye baridi, wamevaa mabuti yanayofika kwapani, wanavua samaki mmoja mzuri ajabu, ana pezi la mgongoni limetanuka kama khanga iliyoanikwa kwenye upepo. Kijana ananisomea maelezo: eti samaki huyu haishi popote tu, anataka maji baridi, safi, yanayotembea, na akitoweka ujue mto unaumwa. Nikamwambia hayo marehemu bibi yangu aliyajua bila kuwa na simu. Mara namwona Mzungu anampiga samaki picha, anambusu, anamrudisha majini. Weee! Bibi angemwona mtu anarudisha samaki mtoni siku ambayo wakwe wako njiani, angemtumbukiza na yeye humo humo.

Kicheko hicho ndicho kilichonirudisha kijijini kwetu Vudee.

Mto wetu haukuwa wa kutisha. Mahali pengi mtoto aliuruka. Lakini maji yake yalikuwa ya kung'ata, yanashuka kutoka msituni yakipiga kelele kwenye mawe mchana na usiku. Asubuhi tulipita pale kwenda shule, miguu pekupeku, kidumu cha maji mkononi kwa ajili ya bustani ya mwalimu, na mfukoni kipande cha gimbi la jana. Kunawa uso pale ilikuwa adhabu. Wengi tulilowesha vidole viwili, tukapaka kwenye kope, tukajiita wasafi. Mwalimu wa zamu akikukuta na tongotongo anakurudisha mtoni, na ukirudi unakuta mlango umefungwa na fimbo inakusubiri nje. Watoto wa leo wanaoga maji ya moto, umeme ukikatika siku moja wanasema maisha magumu.

Ndani ya mto huo tulijua samaki wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa wadogo, urefu wa kidole cha kati cha mtu mzima, magamba yanang'aa. Jua likiwa kali uliwaona wamejipanga, wote wameelekea kule maji yanakotoka, wanapiga mikia bila kwenda popote. Tulilala kifudifudi juu ya mawe kuwatazama hadi tunasikia kengele ya shule inalia na sisi bado tuko mtoni. Wa pili alikuwa kambale, mzee wa matopeni, mweusi, ana sharubu, ngozi telezi isiyo na gamba hata moja. Huyo alikaa kwenye madimbwi, na ukimkanyaga kwa bahati mbaya unapiga yowe la kusikika kijiji cha jirani, Mhezi.

Kuvua ovyo ulikuwa mwiko. Kule juu maji yanakotokea hakuna aliyethubutu kutia hata kikapu. Bibi alituambia, "Wale wa juu ndio wenye maji. Sisi tunaomba tu." Mtu aliyekamatwa akivua huko alitoa mbuzi, na mbuzi mwenyewe aliliwa na wazee huku yeye akigeuza nyama motoni. Samaki halali kwetu alikuwa mmoja tu, yule aliyeteremka mwenyewe na maji ya zamu.

Mliokulia kwingine niwaeleze. Kwetu kulikuwa na ndiva, bwawa la udongo ambalo wazee walilijenga mlimani. Maji ya mto yaliingizwa humo usiku, asubuhi inafunguliwa, maji yanateremka kwa mfereji hadi shamba la mwenye zamu. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Tope likijaa, kijiji kizima tulikwenda kulizoa kwa msaragambo, kazi ya pamoja, na asiyetokea alitozwa jogoo. Sheria ya samaki ilifuata sheria ya maji: aliyeingia mfereji siku ya zamu yako ni wako, kama maji yaliyomleta. Usidhani ilikuwa rahisi. Nimeona kinamama wawili wameshika viuno wakigombania samaki asiyejaza hata kijiko, kwa sababu alikuwa amepumzika kwenye kona ya mpakani na haijulikani alikuwa anakwenda kwa nani.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mjane na zamu yake ilikuwa Jumapili asubuhi. Watu waliionea wivu zamu ile. Sisi tulikuwa Wasabato karibu kijiji kizima, kwa hiyo Jumamosi ndiva haikuguswa. Ilijaa Ijumaa usiku, ikajaa Jumamosi kutwa, hata ikifunguliwa Jumapili maji yanakuja na hasira, na samaki wa siku mbili ndani yake. Bibi alisema Mungu huwakumbuka wajane. Majirani walisema aliyewakumbuka wajane ni marehemu babu, ambaye ndiye aliyekuwa akipanga zamu.

Sasa ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na shangazi yangu Nakijwa, kitinda mimba wa Bibi. Shangazi alikuwa mrefu, mcheshi, akicheka anafunika mdomo kwa ncha ya khanga. Alikuwa ameteremka bondeni, kijiji cha Bendera, kumsaidia ndugu yetu mmoja wakati wa mavuno, akarudi na debe la mchele na jina la kijana. Kijana aliitwa Elibariki, fundi baiskeli. Sifa zake tulizisikia asubuhi, mchana na jioni, mpaka mimi na binamu yangu Sifa tukawa tunaweza kuzikariri kama jedwali la kuzidisha: hanywi, hapigi kelele, anajua kuunga mnyororo uliokatika bila kununua mpya.

Bibi alisikiliza yote, kisha akauliza maswali mawili tu. Anasali lini? Anakula nini?

Majibu yalikuwa mabaya yote mawili. Elibariki alisali Jumapili. Na watu wa kwao, huko tambarare, walikula samaki kila leo, akiwemo kambale. Ninyi mnaojua mnajua: kwa Msabato wa Upare samaki asiye na magamba ni najisi, imeandikwa, hakuna mjadala. Bibi alimwita kambale nyoka mwenye ndevu. Akasema Jumapili ataivumilia, maana hata hao wa Jumapili wanapumzika, ila wamekosea kuhesabu. Lakini binti yake kwenda kulishwa nyoka mwenye ndevu, hapana. Shangazi akaacha kucheka. Alichota maji akilia, akapika akilia, makande ya wiki ile yote yalikuwa na chumvi ya machozi. Mwishowe baba yangu, kaka yake, akamwomba Bibi angalau awapokee wazee wa Bendera awaone kwa macho, ndipo akatae. Bibi akakubali kwa sharti moja. Watakula kwake, na akiwaona wanavyokula ndipo atasema neno lake. Shangazi alijua neno hilo likiwa hapana, hakuna mwanamume wa ukoo wetu atakayelipindua. Siku ikapangwa, Jumapili.

Hapo ndipo Bibi alipofanya kosa lake, na kosa lenyewe lilikuwa la heshima. Aliambiwa watu wa bondeni hawahesabu kuwa wamekula kama hawajaona samaki. Akasema hatapikia wageni makande, hicho ni chakula cha watoto wa shule. Hatanunua dagaa wakavu dukani pia, watu wasije wakasema mlimani kuna njaa. Atawapa samaki wa mto wetu, wabichi, wenye magamba, waliokuja na zamu yake. Tatizo ni kwamba katika maisha yake yote Bibi hakuwahi kumpika samaki. Sisi watoto ndio tuliowachoma kwenye vijiti porini, tukawala na majivu yao.

Alfajiri ile mimi na Sifa tulitega tenga mdomoni mwa mfereji. Baridi ilikuwa ya kutetemesha meno. Ndiva ilipofunguliwa maji yalikuja na majani, vijiti, chura mmoja aliyekasirika, na samaki! Tulizoa wadogo wengi wa magamba, na katikati yao kambale mnene wa mkono mzima. Sifa alitaka tumfiche tukamchome. Bibi akatokea. Alichukua samaki mmoja mmoja, akampitisha ukucha ubavuni kuhakikisha gamba linainuka, ndipo anamtia chunguni. Alipomfikia kambale hakumgusa. Alimsukuma kwa fimbo mpaka akaanguka tena mferejini, akamwambia aendelee na safari yake.

Kupika nako ilikuwa kisa. Bibi aliamini kitu kisichojulikana huiva kwa kuchemshwa sana. Aliwatia samaki chunguni pamoja na ndizi na nyanya chungu, akakoka moto tangu asubuhi. Saa nane mchana, wageni walipoonekana kwenye kona ya njia, samaki walikuwa wameyeyuka. Ulibaki mchuzi wa ndizi wenye miiba.

Walikuja watatu: Elibariki mwenyewe, baba yake, na mshenga wao, mzee mmoja mwembamba mwenye maneno mengi. Walikuwa wamepanda kwa gari mpaka njia iliposhindwa, kisha kwa miguu, wamelowa jasho kwenye baridi yetu. Shikamoo zikatembea, marahaba zikajibu. Mimi na Sifa tulikuwa jikoni na Shangazi, tunachungulia kwenye upenyo wa ukuta. Na sisi wote tulisikia harufu kabla ya kuona kitu. Mshenga alikuwa na kifurushi cha majani ya mgomba kilichofungwa kwa kamba ya katani, na alikuwa amekibeba kwa mikono miwili.

Akasimama, akatoa hotuba. Akasema kwao mtu hendi kwa mama mkwe mikono mitupu, na kwamba kilichomo humu hakipewi kila mtu, baba yake kijana alikwenda kukitafuta mwenyewe akakikausha kwa moshi kwa mikono yake. Akafungua. Alikuwa kambale mkubwa kuliko kambale wote niliowahi kuona, mweusi, amekunjwa mkia mdomoni, sharubu zake zote zimo.

Jamani! Mikono ya Bibi ilikuwa chini ya khanga na ilibaki chini ya khanga. Kupokea ilikuwa ni kuingiza najisi ndani ya nyumba ya maombi. Kukataa zawadi ya wakwe ilikuwa ni kuwakataa wakwe, hakuna mzee asiyelijua hilo. Baba yangu akakohoa. Akasema njia ni ndefu, wageni wale kwanza. Kifurushi kikawekwa kwenye kigoda katikati ya chumba, kikakaa pale kama mgeni wa nne.

Kule jikoni Shangazi alinishika bega mpaka likauma. "Wakirudi na huyo samaki wao," akaninong'oneza, "na mimi nimekwisha."

Chakula kikaletwa. Bibi alikaa akiwatazama, maana ndiyo ilikuwa ahadi yake. Mshenga alichota kwa haraka, mwiba ukamkaba, akatoka nje kukohoa. Elibariki alikula macho yamemtoka, anatafuna kila tonge kana kwamba lina pini ndani. Baba yake aligeuza geuza ndizi zake, akatafuta, akala kidogo, akaweka mkono chini. Bibi akakaza midomo. Kwa macho yake, watu hawa wameona samaki wake wa zamu, samaki wa maji safi, wamewadharau, wakati nyoka wao amekaa kwenye kigoda.

"Chakula changu kimewashinda?" akauliza.

Baba yake Elibariki alikuwa mtu mkubwa wa umbo, sauti yake ndogo. Akasema samahani mama, si hivyo. Samaki wao wanakula kila siku, asubuhi na jioni, mpaka wanawaota. Akajikuna shavu kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Nimepanda mlima huu nikiwaza kitu kimoja tu, mama," akasema. "Hivi siku hizi hampiki makande?"

Makande Bibi hakuyapika kwa ajili yao. Yalikuwepo, lakini yalikuwa yetu, yamelala tangu jana kwenye chungu cheusi pembeni ya moto, na hakuna mwanamke wa Kipare mwenye akili zake ambaye angewapa wakwe makande yaliyolala. Tena siku kama ile binti anayeposwa haonekani mbele ya wageni mpaka aitwe. Shangazi aliyajua yote hayo kuliko sisi. Aliniachia bega, akajifunga khanga upya, akakinyanyua chungu chenyewe na masizi yake, akaingia nacho sebuleni. Baba alitaka kuinuka, akakaa tena. Shangazi akapiga magoti, akampakulia mzee wa Bendera sahani imejaa, mahindi na maharage yamekauka mchuzi, akatoka bila kumtazama mtu usoni.

Mzee alikula. Alikula mpaka sahani ikawa nyeupe. Kisha akafuta uso kwa kiganja, na haikuwa jasho peke yake. Akasema mama yake mzazi alizaliwa Mhezi, huko huko milimani kwetu, akaolewa bondeni akiwa msichana. Makande yaliyolala ndiyo aliyompa kila asubuhi alipokuwa mdogo. Tangu wamzike hajayala ya namna hii, maana wanawake wa kwao wanayatia nazi.

"Mhezi kwa nani?" Bibi akauliza.

Akatajiwa ukoo. Bibi akaujua. Akauliza tena, akatajiwa bibi wa bibi, na huyo naye akamjua. Mazungumzo yakatoka kwa watu waliokufa yakaenda kwa mashamba, na Shangazi kule jikoni alikuwa ameweka kichwa ukutani. Ndipo Bibi akakitazama kile kigoda. Mikono ikatoka chini ya khanga. Akasogea, akakifunga kifurushi kwa majani yake, akakishika.

"Nimempokea," akasema. "Lakini huyu hana magamba, na moto wangu haumjui. Atarudi bondeni. Nakijwa atakwenda naye, akajifunze kumpika."

Sifa, aliyekuwa mzito wa kuelewa, akauliza kama Bibi amekataa. Shangazi alikuwa amekwishakaa chini sakafuni, anacheka na kulia kwa pamoja, wala hakukumbuka kufunika mdomo. Kambale mwenyewe alilala usiku ule kwenye banda la mbuzi, na mbuzi wakapiga kelele mpaka kunakucha.

Leo ndiva yetu imesakafiwa kwa saruji na mfereji umekuwa bomba. Sikatai, ni maendeleo, maji hayapotei njiani na kinamama hawagombani tena mpakani. Ila samaki hapiti kwenye bomba. Msitu nao umepungua, mto umekonda, na mara ya mwisho nilipopanda nililala kifudifudi juu ya jiwe, mama mzima na magoti yangu haya, nikahesabu samaki wachache mno kabla kiuno hakijanikataza. Watoto waliopita njiani walidhani nimeanguka. Hakuna aliyejua kilichokuwemo ndani ya maji yale, na sidhani kama kuna aliyewahi kuambiwa.

Na hawa vijana wetu wanakutana kwenye simu, wanaposana kwenye simu, sisi tunaingizwa kwenye kundi la michango kabla hatujaiona sura ya bwana harusi. Kadi hatujaitupa unasikia wameachana, hawaendani. Ukiuliza hawaendani nini, huyu anapenda muziki huu, yule anakoroma. Shangazi Nakijwa na Elibariki hawakuendana hata siku ya kusali. Mmoja Jumamosi, mwingine Jumapili, watoto wao ndio waliofaidi, wakapumzika siku mbili kila wiki. Kambale alikuwa na sufuria yake na mwiko wake, vimetundikwa nje chini ya paa, na kila Ijumaa kabla jua halijazama Elibariki alivisugua yeye mwenyewe kwa majivu ili Sabato ya mkewe isivikute vichafu. Shangazi alimpikia kambale maisha yake yote na hakumtia mdomoni hata siku moja. Bendera nzima walisifu mchuzi wake.

Elibariki tulimzika masika iliyopita. Baada ya siku kadhaa niliteremka kumwona Shangazi, nikamkuta nje, kwenye mafiga, sufuria ile iko motoni na kambale yumo ndani. Nikadhani kuna mgeni. Hakukuwa na mgeni. Akasema atawapa watoto wa jirani, mikono tu imezoea. Nikakaa naye. Mchuzi ukachemka, ukaendelea kuchemka, na yeye ameshika mwiko hewani, haukorogi, hauweki chini. Nikamuuliza kama kuna kitu kimepungua.

"Sijui," akasema. "Mimi Msabato, mwanangu, sionji. Chumvi alikuwa akionja yeye."